Kabla Ung'oe Chai ya Kugo Upande Pilipili

Wasee, mwaka jana nilipanda miche 20 ya pilipili pembeni mwa shamba letu huku Bomet. Alasiri moja ya Aprili mvua ya mawe ikanyesha kama dakika kumi hivi. Ilipoisha nilikuwa na vijiti 20. Majirani wakaniuliza kama nafanya biashara ya viberiti.

Sikukata tamaa. Mwaka huu nikaja na mpango mkubwa zaidi. Nikamwambia Kogo, yaani nyanya yangu, kwamba ile mistari mitano ya chai karibu na boma tuing'oe, nitandaze matuta ya pilipili. Nikampa hotuba kabisa: chai ni mmea wa mkoloni, tumeuchuma miaka mia na bado sukuma tunanunua sokoni, tupande kitu tunachokula. Kogo akanisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Hiyo chai Kugo wako aliipanda 1968. Unajua kabla ya hapo ilikuwaje?"

Sikuwa najua. Nikaenda kusoma. Na story niliyoikuta imebadilisha mpango wangu wote wa bustani, ndio maana naandika hii.

Tuanze na pilipili yenyewe, kwa sababu wengi wetu tunadhani imekuwa hapa tangu Adamu. La hasha. Pilipili zote za kuwasha, kuanzia ile ndogo inayosimama wima ambayo Watanzania huiita pilipili kichaa hadi pilipili mbuzi ya Pwani, asili yake ni Amerika. Watu wa Meksiko na Amerika Kusini walikuwa wakizilima maelfu ya miaka kabla Columbus hajavuka bahari 1492. Columbus alikuwa anatafuta njia ya kufika kwenye pilipili manga ya India. Vasco da Gama naye, aliyepita Mombasa na Malindi Aprili 1498, alikuwa anafuata hiyo hiyo pilipili manga. Baadaye, katika karne ya 16, meli za Wareno zikaisambaza pilipili ya Amerika kwenye bandari za Afrika na India.

Sasa cheki kitu kimoja. Jina "pilipili" ni la zamani kuliko huo mmea kufika kwetu. Lina undugu na "filfil" ya Kiarabu na "pippali" ya Kihindi cha kale, na lilikuwa la ile manga. Mgeni alipofika, akachukua jina la mwenyeji, na mwenyeji ndiye akalazimika kuongezewa la pili ili atambulike: pilipili manga. Leo ukisema pilipili tu, kila mtu anafikiria ya kuwasha. Hakuna anayeiambia irudi Meksiko.

Kwa hivyo hoja yangu ya "mmea wa kigeni" ilikuwa imekufa hapo hapo. Kama ugeni ni kosa, pilipili na chai ziko selo moja. Mahindi pia, na viazi pia, vyote vya Amerika. Utabaki na nini kwenye sahani?

Tofauti iko kwingine. Pilipili hakuna aliyelazimishwa kuipanda. Ilisafiri mkono kwa mkono, mbegu kwenye kitambaa, ndege akala tunda akadondosha mbegu kando ya ua. (Ndege hawasikii ule moto kabisa, ni sisi wanyama wenye kunyonyesha tunaoungua.) Mtu aliyeipenda aliiweka karibu na jiko, aliyeichukia akaiacha. Chai ya huku kwetu haikuja hivyo.

Chai ilipandwa Kenya mara ya kwanza Limuru mwaka 1903. Kericho ilifikiwa baadaye. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis huku Kericho kwa ajili ya maafisa wa jeshi la Uingereza waliolemazwa vitani. Na hawakuja kupanda chai. Walikuja kupanda kitani, ule mmea wa kutengeneza nguo. Bei ya kitani ikaanguka mwanzoni mwa miaka ya 1920, mradi ukafilisika. Unadhani ardhi ilirudi kwa wenyewe? Ilienda kwa kampuni. Katikati ya miaka hiyo ya 1920 Brooke Bond na James Finlay wakaingia, na ule ukijani unaoupiga picha ukipita barabara ya Kericho ukaanza hapo.

Mwaka 1934 ikapitishwa sheria ya kuwahamisha Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria. Kesi ya hizi ardhi haijazikwa: mwaka 2022 Wakipsigis na Talai waliipeleka Uingereza kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Sasa ile sehemu ambayo Kogo alitaka niijue. Kwa miaka mingi, Mwafrika angeweza kuchuma chai ya kampuni, kuishi kwenye laini ya kampuni, kubeba kikapu cha kampuni. Kupanda yake mwenyewe, hapana. Mlango ulianza kufunguliwa miaka ya 1950, hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954. Mwaka 1960 ikaundwa mamlaka ya mazao maalum kusimamia wakulima wadogo, na 1964, baada ya uhuru, ikawa KTDA tunayoijua.

Piga hesabu. Kugo alizaliwa wakati ambapo mtu kama yeye hakuruhusiwa kuwa na mche wa chai. Mwaka 1968 akachimba mashimo kwa mikono yake akapanda ya kwake. Mistari ile mitano ninayoiona kama mabaki ya ukoloni, yeye aliiona kama kitu alichokatazwa baba yake. Hiyo chai ilimlipia mama yangu karo. Na mimi na hotuba yangu ya simu nilitaka kuing'oa ndani ya wikendi moja.

Sisemi chai ni malaika. Bonasi ya upande wetu wa magharibi mwa Bonde la Ufa huwa chini ya ile ya wenzetu wa Mlima Kenya, kila mwaka tunalalamika, na kila mwaka tunachuma. Mashine za kuchuma zimekula kazi kwenye mashamba makubwa. Mei 2023 watu wa Kericho walizichoma moto kwa hasira. Hasira hiyo naielewa. Lakini swali langu limebadilika. Zamani nilikuwa nauliza mmea umetoka wapi. Sasa nauliza: nani aliuchagua, na nani anakula?

Hapo ndipo bustani ya pilipili inakuwa kitu cha maana, hata ikiwa ni ndogo.

Na udongo wenyewe unaikumbuka hii historia. Chai inapenda udongo wenye asidi, pH ya 4.5 hadi 5.5 hivi. Pilipili inataka kama 6 hadi 6.8. Halafu tumemwaga mbolea ya chai, ile ya 26:5:5, miaka nenda miaka rudi, na aina hiyo ya mbolea huzidisha asidi. Nitrojeni yake nyingi ni ya kusukuma majani, maana kwenye chai majani ndiyo pesa. Ukiiweka kwenye pilipili utapata kichaka kizuri sana, kijani kama uwanja wa Ligi Kuu, bila tunda. Yaani hata kama Kogo angeniruhusu, ile kona ndiyo ilikuwa mahali pabaya zaidi. Udongo ulishafundishwa kutoa majani tu.

Basi mpango mpya wa msimu ni huu. Chai ya Kugo inakaa. Pilipili zinaenda nyuma ya jiko.

Mbegu naanza Januari, kwenye trei, karibu na jiko la kuni, kwa sababu usiku wetu ni baridi na mbegu ya pilipili haioti bila joto. Baada ya wiki nane hivi, Machi, nahamisha miche. Miche 12 inaingia kwenye madebe na ndoo zilizotobolewa chini, chini ya paa, ili mawe yakija yanikute nimejipanga. Miche mingine 12 inaenda kwenye tuta lililoinuliwa, sentimita 45 kati ya mche na mche, maji ya masika yasisimame kwenye mizizi. Udongo nitapima kwanza, kisha niongeze chokaa ya kilimo au majivu kidogo, na samadi iliyooza vizuri. Na siweki pale tulipotoa viazi, nyanya au managu. Ndiyo, managu pia: ni binamu wa pilipili, na wanaambukizana magonjwa kama watu wa nyumba moja.

Matunda ya kwanza nayatarajia Julai. Baridi itayachelewesha, na sina haraka.

Kogo hali pilipili. Kimyet na mursik vinamtosha, na anasema chakula hakifai kumpiga mtu. Lakini juzi nilimkuta ameshatoboa madebe mawili na kuyapanga ukutani, bila kuniambia kitu. Nikamuuliza ni ya nini. Akasema, "Si ulisema unapanda kitu chako? Kugo wako pia hakuna aliyemsaidia kutoboa."

Kwa hivyo kama na wewe uko Kericho, Bomet, Litein, Sotik, au popote ambapo chai imefika hadi mlangoni, kabla ushike jembe muulize mzee aliyepanda: ilikuwa lini, na kabla ya hapo ilikuwaje? Halafu tafuta debe kuukuu, toboa chini, na upande kitu ulichokichagua mwenyewe.