Faili 3 kati ya 18,000

Leo vuta kiti, kwa sababu kisa chenyewe ni kirefu kidogo.

Wiki chache zilizopita rafiki yangu, mwandishi wa programu kama mimi, alinipigia simu saa tano usiku. Sauti yake ilikuwa chini kama ya mtu aliye matangani. Alikuwa amepokea barua ya wakili. Kampuni aliyoifanyia kazi zamani inadai kwamba programu anayouza sasa ameinakili kwao. Imempa siku kumi na nne aache kuiuza, la sivyo wakutane mahakamani. "Ndugu yangu, nifunge duka?" akaniuliza.

Mimi si wakili, nilisomea sayansi ya kompyuta. Lakini usiku ule nilikumbuka kisa cha watu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambao mwaka 1992 walikabiliwa na madai ya namna hiyo kutoka kwa jitu kubwa kuliko kampuni yoyote ya hapa kwetu. Nilimsimulia rafiki yangu, na sasa nawasimulia nyinyi.

Hebu turudi nyuma kwanza.

Mfumo wa Unix ulizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell, mali ya kampuni ya simu ya AT&T, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Wakati huo AT&T ilikuwa imehodhi biashara ya simu karibu Marekani nzima. Mapatano yake na serikali ya mwaka 1956 yaliizuia kuingia katika biashara nyingine. Kwa hiyo haikuweza kuuza Unix kama watu wanavyouza programu leo. Vyuo vikuu vilipewa kwa ada ndogo, tena pamoja na msimbo wake, yaani yale maandishi ambayo sisi waandishi wa programu huyaandika na kuyasoma kabla kompyuta haijayageuza kuwa lugha yake.

Berkeley walipata nakala yao mwaka 1974. Wanafunzi wakaanza kuichokonoa, kuirekebisha na kuiongezea vitu. Mmoja wao, Bill Joy, akakusanya kazi hizo kwenye kanda na kuwatumia wenzao wa vyuo vingine. Kanda hizo ndizo zilizoitwa BSD. Kufikia toleo la 4.2BSD la mwaka 1983, ndani yake mlikuwa na TCP/IP, ile lugha ambayo kompyuta huzungumza kwenye intaneti hadi leo.

Tatizo ni kwamba BSD ilikuwa mchanganyiko. Mistari mingine ilikuwa ya AT&T, mingine ya Berkeley, kama pilau ambayo mchele ni wa jirani na viungo ni vyako. Januari 1984 AT&T ilivunjwa vipande, kile kizuizi cha zamani kikaondoka, na bei ya leseni ya Unix ikaanza kupanda. Aliyetaka kazi ya Berkeley ilimbidi kwanza amlipe AT&T, hata kama alichohitaji ni ile sehemu ya mtandao tu.

Juni 1989 Berkeley walitoa sehemu hiyo ya mtandao peke yake. Kanda iliuzwa dola 1,000, lakini ukishaipata ulikuwa na ruhusa ya kuinakili na kuigawa utakavyo. Sharti kubwa lilikuwa moja: uache tangazo la hakimiliki mahali pake na ukitaje chuo.

Watu waliipenda. Hapo Keith Bostic, mmoja wa kikundi kile, akauliza swali ambalo lilionekana kama kichaa: kwa nini tusiandike upya kila kitu kilichobaki cha AT&T? Akawaomba watu kupitia mtandao waandike upya programu ndogondogo za Unix, wakitumia tu maelezo ya kila programu inafanya nini, bila kutazama msimbo wa AT&T. Malipo yao? Jina lako kuandikwa kando ya programu uliyoandika. Baada ya kama miezi 18, karibu programu zote zilikuwa zimeandikwa upya.

Kikabaki kiini cha mfumo. Bostic, Mike Karels na Kirk McKusick wakaketi na kukipitia faili baada ya faili, wakiuliza kila mstari: wewe ni wa nani? Mwisho wa kazi hiyo zilibaki faili sita tu ambazo hazikuweza kusafishwa kwa urahisi. Wakaziondoa, wakatoa kilichobaki mwezi Juni 1991 kwa jina la Net/2. Lilikuwa kama gari zima lisilo na vipuri sita.

Haikuchukua muda. Bill Jolitz akaandika faili sita za kuziba mapengo yale, na mfumo wake wa 386/BSD ukaanza kutembea kwenye kompyuta za kawaida za mezani. Kampuni changa iitwayo BSDI nayo ikatengeneza mfumo wake juu ya Net/2, na Januari 1992 ikaanza kuuuza kwa dola 995 pamoja na msimbo wake. Matangazo yake yalijigamba kuwa hilo ni punguzo la asilimia 99 ukilinganisha na Unix ya AT&T. Nambari yao ya simu ilikuwa 1-800-ITS-UNIX.

Barua ikafika! Ilitoka USL, kampuni tanzu ya AT&T iliyosimamia Unix. Iliwataka BSDI waache kuiita bidhaa yao Unix, hasa waiache ile nambari ya simu.

Sasa tazama walivyojibu. BSDI hawakubishana juu ya jina. Waliiacha nambari mara moja, wakabadilisha matangazo yaseme wazi kwamba mfumo wao si Unix. Jina halikuwa lao, na walilijua hilo. Kung'ang'ania kosa dogo lililo wazi kungewaharibia hoja kubwa waliyokuwa nayo.

USL hawakuridhika. Walikwenda mahakamani New Jersey mwaka 1992 wakidai kwamba ndani ya mfumo wa BSDI mlikuwa na msimbo wao na siri zao za biashara, na wakaomba mauzo yasimamishwe. BSDI wakajibu: sisi tumechukua kazi ambayo chuo kimeigawa kwa umma, tukaongeza faili sita. Ulizeni lolote kuhusu hizo sita na tutajibu. Zilizobaki kawaulizeni waliozitoa. Jaji alikubali. Aliwaambia USL waandike madai yao upya kuhusu faili sita tu, ama ayatupe.

USL waliona hapo hawana pa kushika. Wakafungua madai upya, safari hii wakakijumuisha na chuo kikuu chenyewe, na wakataka Net/2 yote izuiwe.

Machi 1993 Jaji Dickinson Debevoise alikataa kutoa zuio hilo. Sababu mojawapo inamhusu kila mtu anayeandika programu. AT&T ilikuwa imesambaza nakala za Unix ya zamani, toleo la 32V, bila kuweka tangazo la hakimiliki. Kwa sheria ya Marekani ya enzi hiyo, kuchapisha kazi bila tangazo kungeweza kukupotezea haki yako. Jaji aliona USL hawajaonyesha kwamba wangeweza kushinda katika jambo hilo.

Kisha mambo yakageuka. Chuo nacho kikaishtaki USL, katika mahakama ya California. Kumbuka lile sharti la Berkeley la kukitaja chuo. AT&T walikuwa wamechukua msimbo mwingi wa BSD na kuuweka katika Unix yao, System V, na kwa mujibu wa madai ya chuo hawakukitaja ipasavyo. Chuo kikaomba USL walazimishwe kuchapa upya vitabu vyao vyote vya maelekezo, wawajulishe wateja wao wote, na watoe matangazo ya ukurasa mzima katika magazeti makubwa kama The Wall Street Journal wakikiri kosa hilo. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu ni mchungu.

Katikati ya hayo USL ikauzwa kwa Novell mwaka 1993. Mkuu wa Novell, Ray Noorda, alisema hadharani kwamba afadhali ashindane sokoni kuliko kortini. Mazungumzo yakaanza, na mapema mwaka 1994 wakapatana.

Matokeo? Kati ya faili kama 18,000 zilizokuwa ndani ya Net/2, zilizotakiwa kuondolewa ni 3. Nyingine chache zilifanyiwa marekebisho madogo, na kama 70 ziliongezewa tangazo la hakimiliki la USL huku zikiendelea kugawanywa bure. Juni 1994 likatoka toleo safi, 4.4BSD-Lite, na USL wakaahidi kutomshtaki yeyote atakayejenga juu yake. Mapatano yenyewe yaliwekwa siri kwa miaka kumi. Umma uliyasoma mwaka 2004 baada ya watu kuyaomba kwa kutumia sheria ya California ya kumbukumbu za serikali.

Kwa hiyo Berkeley walishinda, sivyo? Ukihesabu faili, ndiyo. Ukihesabu siku, sina hakika.

Tangu 1992 hadi 1994, karibu miaka miwili, mfumo mzima wa BSD ulikuwa na wingu juu yake. Nani angejenga biashara juu ya kitu ambacho kesho jaji anaweza kukizuia? Wakati huohuo kule Helsinki mwanafunzi aitwaye Linus Torvalds alikuwa ametoa kiini chake kidogo, Linux, mwaka 1991. Hakikuwa na mstari hata mmoja wa AT&T, na hakikuwa na kesi. Watu wakahamia huko. Machi 1994, wakati BSD ndiyo kwanza inatoka kortini, Linux ilitoa toleo lake la 1.0. Torvalds mwenyewe alipata kusema kwamba kama 386BSD ingekuwepo alipoanza, huenda Linux isingezaliwa.

Hata baada ya mapatano, wenzetu wa FreeBSD, mradi ulioanza 1993 juu ya Net/2, walilazimika kuacha kuigawa kazi yao ya zamani na kuanza tena juu ya 4.4BSD-Lite. Hawakutoa toleo la 2.0 hadi Novemba 1994. Leo msimbo wa BSD umo ndani ya kila iPhone na kila kompyuta ya Mac, na FreeBSD ndiyo iliyo chini ya PlayStation 4. Haukufa. Lakini seva nyingi za dunia zinaendeshwa na Linux, na simu za Android zilizojaa mifukoni mwetu hapa Kenya zina kiini cha Linux. Nadhani ile kesi ni mojawapo ya sababu.

Sasa nirudi kwa rafiki yangu. Nilimwambia mambo matatu niliyoyapata katika kisa hiki.

Kwanza, usinyamaze na usifunge duka usiku huohuo. Barua ya wakili ni madai, haijawa hukumu. Mtafute wakili wako, naye ndiye ajibu.

Pili, lililo kosa kweli lirekebishe upesi, kama BSDI walivyoiacha ile nambari. Nilimkumbusha kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inailinda programu ya kompyuta kama inavyolinda kazi ya fasihi. Tena kazi uliyoifanya ukiwa umeajiriwa, kama hamkupatana vingine, haki yake huwa ya mwajiri. "Niliiandika mimi mwenyewe" si jibu ikiwa uliiandika kwenye meza yao.

Tatu, na hili ndilo kubwa: fungua daftari. Kilichowaokoa Berkeley ni kwamba walikuwa wamezipitia faili zao moja moja kabla hajatokea wa kuwauliza. Walijua ipi iliandikwa na nani, na ipi haikuwa yao. Bila hesabu hiyo, ile hoja ya faili sita isingekuwepo, na jaji angebaki na neno la jitu dhidi ya neno la mdogo.

Tulikesha naye Jumamosi mbili tukipitia kumbukumbu za programu yake, tarehe kwa tarehe. Nyingi ya faili aliziandika baada ya kuacha kazi, na tarehe zinaonyesha. Mbili hazikuwa zake. Alizinakili zamani kwa haraka, "kwa muda tu", akasahau. Aliziangalia kimya, kisha akazifuta na kuziandika upya kuanzia mwanzo. Wakili wake amejibu barua na kuliweka hilo wazi. Mwisho wake hatuujui bado, ila sasa analala.

Nami nilipofika nyumbani nilifungua programu zangu mwenyewe. Nikakuta mahali pawili ambapo sikuweza kukumbuka msimbo ule niliutoa wapi. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe msomaji, ukiulizwa leo, faili zako unazijua zote? Kaziangalie kabla barua haijafika.

Tuonane tena, Mungu akipenda.