Gécamines: nani anawateua wakubwa wake?

LUBUMBASHI – Wakati RTNC inasoma ordonansi za rais wa jamhuri, watu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanasikiliza kama Gécamines itatajwa. Majina yanayosomwa Kinshasa ndiyo yataamua mambo ya migodi, mikataba na mishahara huku Katanga. Desturi hiyo ilitoka wapi?

Historia inaanza na Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906. Serkali ya koloni ilikuwa na kura ndani yake kupitia Comité Spécial du Katanga, na mwenye kura ana neno wakati wa kuchagua wajumbe wa baraza la uongozi. Tarehe 27 mwezi wa 6 mwaka 1960, siku tatu tu mbele ya uhuru, Comité hiyo ilivunjwa na mali yake ikagawanywa. Congo ikapata bendera yake, lakini nguvu yake ya kura ndani ya kampuni ilikuwa imepungua. Maamuzi makubwa yakabaki Bruxelles.

Tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 1967, Mobutu alichukua mali ya Union Minière na kuiweka mikononi mwa kampuni mpya ya serkali, Gécomin, ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Toka hapo viongozi wa juu waliteuliwa Kinshasa. Hata hivyo, mwezi wa 2 mwaka huohuo, serkali ilifanya mkataba na Société Générale des Minerais ya Ubelgiji ili iendeshe kazi na kuuza shaba. Kiti kilikuwa cha Wakongomani, ufundi na soko vikabaki kwa wenyeji wa zamani.

Sheria ya tarehe 6 mwezi wa 1 mwaka 1978 iliweka utaratibu mmoja kwa kampuni zote za serkali: baraza la uongozi, komite ya usimamizi, na wakaguzi wa hesabu. Kwa karatasi, baraza linaangalia kazi ya komite. Lakini wajumbe wa pande zote mbili waliteuliwa na rais, na ni yeye aliyeweza kuwaondoa. Anayechunga na anayechungwa wote walikuwa wakimtazama mtu mmoja.

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mwaka 1994 haikufikisha hata tani 50,000. Sababu zilikuwa nyingi: mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, mashine zilizeeka, fujo za kisiasa ziliingia Katanga, na pesa za kampuni zilikuwa zimetumiwa na utawala kwa mambo mengine. Katika hayo yote, baraza halikuwa na nguvu ya kumwambia aliyeliteua: hapana.

Vita navyo vilileta majina yake. Mwaka 1998, wakati askari wa Zimbabwe walikuwa wakipigana upande wa Kinshasa, Laurent-Désiré Kabila alimweka Billy Rautenbach, mfanyabiashara wa Zimbabwe, kuongoza Gécamines. Baadaye George Forrest akawa mwenyekiti wa baraza. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000, waliokuwa wakidai mishahara ya miezi mingi, waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari.

Katiba ya 2006, katika kifungo cha 81, inasema rais anateua wawakilishi wa serkali katika kampuni zake kwa pendekezo la serkali, kiisha mjadala katika baraza la mawaziri. Wakaguzi wa hesabu hawamo katika uteuzi huo. Sheria za mwezi wa 7 mwaka 2008 ziligeuza Gécamines kuwa kampuni ya kibiashara, na mwaka 2012 Congo iliingia OHADA, ambapo wenye hisa wanachagua wajumbe katika mkutano mkuu. Lakini mwenye hisa wa Gécamines ni mmoja tu: serkali.

Mwezi wa 6 mwaka 2019 jambo hilo lilionekana wazi. Rais Félix Tshisekedi aliteua viongozi wa Gécamines na wa SNCC, lakini kambi ya Joseph Kabila, yenye wabunge wengi, ilipinga, na wateule hawakuketi mara moja. Muungano ulipovunjika, nguvu ilihama. Mwezi wa 12 mwaka 2021 Albert Yuma, aliyekuwa juu ya baraza toka 2010, alipokewa na Alphonse Kaputo.

Majina yamebadilika, sheria pia, lakini sahihi ni ileile ya Kinshasa. Kuna mlango mwingine ambao haupigwi hodi sana: kifungo cha 100 cha Katiba kinawapa wabunge na maseneta kazi ya kukagua kampuni za serkali. Wabunge wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wana haki ya kuuliza aliyeteuliwa alichaguliwa kwa uwezo gani, na pesa za shaba zimefika wapi. Waliowapigia kura wana haki ya kuwauliza kama wameuliza.