Picha ya Skeli: Istilahi ya Michoro ya Nyumba za Wanasesere

Miongoni mwa istilahi za sanaa zinazomtatiza mfasiri wa Kiswahili ni minietcha, hasa inapotumiwa kutajia michoro yenye fremu inayotundikwa kwenye kuta za nyumba za wanasesere, yaani nyumba zilizotengenezwa kwa udogo zikiwa na samani, mazulia, vyombo na hata vitabu vyake. Tafsiri inayokuja haraka ni "picha ndogo", nayo haitoshi, kwa sababu picha ya pasipoti ni ndogo na stempu ya posta ni ndogo zaidi, lakini hakuna kati ya hizo inayobeba maana inayokusudiwa hapa.

Asili ya neno lenyewe haimsaidii mfasiri. Linatokana na neno la Kilatini minium, rangi nyekundu itokanayo na risasi, ambayo wanakili wa Ulaya wa Zama za Kati waliitumia kupambia herufi za miswada. Na kwa kuwa michoro ya miswada hiyo ilikuwa midogo, na neno likafanana kwa sauti na maneno ya Kilatini yanayohusu udogo, maana ya rangi ilisahaulika ikabaki ya udogo. Mwenye kuunda istilahi ya Kiswahili halazimiki kufuata mkondo huo. La maana kwake ni kukitazama kitu chenyewe na jinsi kinavyotengenezwa.

Kiini cha kitu hicho ni skeli, neno ambalo wanafunzi wa jiografia wamelizoea katika ramani, lenye maana ya uwiano kati ya kipimo cha mfano na kipimo cha kitu halisi. Skeli iliyoenea zaidi katika nyumba za wanasesere ni 1:12, iliyotokana na vipimo vya Kiingereza ambavyo futi moja ina inchi 12, hivyo kila futi ya nyumba halisi huwakilishwa na inchi moja. Ndiyo iliyotumika katika Nyumba ya Wanasesere ya Malkia Mary, iliyosanifiwa na Edwin Lutyens, ikajengwa kati ya 1921 na 1924, na ambayo sasa imo katika kasri la Windsor, Uingereza. Na ndiyo ya vyumba vidogo 68 vya Narcissa Thorne katika makumbusho ya Art Institute ya Chicago. Nyumba hizi hazikuwa vitu vya kuchezea watoto. Hata msanii Marcel Duchamp, kwa ajili ya nyumba ya wanasesere ya Carrie Stettheimer iliyohifadhiwa katika makumbusho ya jiji la New York, alichora upya kwa udogo picha yake maarufu ya 1912 ya mtu aliye uchi akishuka ngazi.

Skeli haiishii kwenye urefu na upana. Fremu ambayo ubao wake una upana wa sentimita 6 hushuka hadi milimita 5, na kioo cha milimita 2 hakina budi kuwa chembamba kuliko sehemu mbili za kumi za milimita, ndiyo maana mafundi wengi hutumia karatasi angavu ya plastiki badala yake. Turubai ya kawaida haifai, kwa kuwa nyuzi zake huonekana kama kamba, hivyo mchoraji huchagua karatasi laini au hariri. Vivyo hivyo fremu hutaka mbao yenye chembe ndogo, isiyoonyesha mistari mipana. Pembe, zinazokatwa kwa nyuzi 45, ndizo zinazomtambulisha fundi: mwanya wa nusu milimita ni sawa na mwanya wa milimita 6 katika fremu halisi, kasoro ambayo jicho lolote huitambua mara moja.

Kwa msingi huo, kipicha na kijipicha, ingawa yameundwa kwa kanuni halali za udogishaji, hayafai. Viambishi hivyo hutaja udogo tu, mara nyingine pamoja na dharau, na tena kijipicha kimekwisha kushika kazi katika kompyuta, kikimaanisha taswira iliyopunguzwa ili kuelekeza kwenye taswira kubwa. Istilahi iliyo bora ni picha ya skeli, ambayo hupokea kipimo kwa urahisi, kama katika picha ya skeli ya 1:12 au ya 1:24, na huzaa maneno ndugu kama samani za skeli na kuchora kwa skeli. Ni kweli kwamba haitaji udogo waziwazi, lakini tarakimu zinazoifuata hulitimiza jukumu hilo kwa usahihi kuliko kiambishi chochote. Minietcha ibakie kwa picha ndogo za sura za watu, kama zile za mchoraji Nicholas Hilliard wa Uingereza katika karne ya 16, zilizovaliwa mwilini au kushikwa mkononi, ambazo hazikupimwa kwa uwiano wa chumba chochote.