Safu ya Lugha: Vinasaba vya Uvimbe

Neno vinasaba limezoeleka masikioni mwetu kwa ajili ya kesi za kugombea watoto, hata msomaji akisikia kwamba mgonjwa wa uvimbe wa ubongo amepimwa vinasaba, hudhani ama anatafutiwa baba, ama maradhi hayo ameyarithi na atawarithisha wanawe. Dhana hiyo yatokana na asili ya neno lenyewe, kwani nasaba, tuliyoipokea kwa Waarabu, maana yake ni ukoo na uzawa. Ilhali kipimwacho hapa ni kipande cha uvimbe kilichokatwa na tabibu mpasuaji, ambacho jeni zake, aghalabu, zimebadilika humo humo ubongoni, bila ya baba wala babu kuhusika. Kwa hiyo, katika habari hii, napendelea jeni, ijapokuwa ni neno la juzi na halina utamu wa lile la kwanza.

Na faida ya kipimo si haba. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani huainisha baadhi ya uvimbe wa ubongo kwa jeni pamoja na sura yake katika hadubini, kwa kuwa ule wenye badiliko katika jeni iitwayo IDH aghalabu huenda polepole kuliko ule mkali uitwao glioblastoma, hata vikifanana machoni. Na hali ya jeni ya MGMT humjulisha tabibu kama dawa ya temozolomide yatarajiwa kufaa. Basi, wahariri, tafadhalini andikeni “kupima jeni za uvimbe”.