Ute wa Mpungate

Mpungate ni mti wenye miiba mikali, na asiyeujua huudhani kuwa ni adui mtupu. Lakini huko Meksiko, ulikotoka, watu wameula kwa maelfu ya miaka. Mapokeo ya Waazteki yasema kwamba mji wao mkuu, Tenochtitlan, ulianzishwa mwaka 1325 mahali walipomwona tai ametua juu ya mpungate. Na picha hiyo imo katika bendera ya Meksiko hata leo.

Wenyeji huchuma majani machanga, huyakwangua miiba, kisha huyakata vipande na kuyachemsha. Hapo hutoka ute unaovutika kama ule wa bamia. Ute huo ndio akiba ya mti: huyashika maji ndani yake, jua la jangwani lisipate kuyamaliza. Jikoni huufanya mchuzi uwe mzito. Waashi nao waliuchanganya na chokaa ili kuta zishikamane. Na wataalamu wa siku zetu wamepaka matunda ya stroberi utando mwembamba wa ute huo, yakakawia kuharibika.

Wahispania walifika mwaka 1519, wakauteka mji ule mwaka 1521. Kwa mikono yao mpungate ulivuka bahari, ukaenea ulimwenguni. Lakini mahali pengi watu waliupokea kwa ajili ya tunda lake, au kwa ua wa miiba tu; elimu ya kulipika jani ikabaki nyuma. Huko Australia, kufikia miaka ya 1920, jamaa za mti huu zilikuwa zimefunika hekta milioni 24 hivi, hata wakulima wakayahama mashamba yao. Haukushindwa mpaka alipoletwa nondo kutoka Argentina, ambaye viwavi wake waliutafuna.

Sisi nasi tuna habari yetu. Katika Laikipia, mipungate iliyopandwa kuwa ua wakati wa ukoloni imevamia malisho, na miiba yake hudhuru vinywa vya mbuzi na ng'ombe. Hata hivyo, vikundi vya kina mama vimeanza kukamua tunda lake na kupika jamu.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyu alikuja peke yake, bila ya wale waliomjua. Basi, msomaji, apokeaye mmea na aulize pia habari za jikoni ulikotoka.