Maumivu ya tumbo na chini ya kitovu: ijue picha unayoifuata

Shemeji yangu anaishi Ruiri, kaunti ya Meru, kwenye barabara ya kutoka Meru mjini kwenda Isiolo. Usiku mmoja alinipigia simu. Miezi minne alikuwa akinunua dawa za vidonda vya tumbo na maumivu hayaishi. "Shemeji, nifunge safari nikapigwe eksirei, au ile skani kubwa?" Nikamuuliza: yanauma wapi, na lini? Akasema ni kulia, chini ya mbavu, na huzidi akila vya mafuta. Alipofika hospitali, daktari alimuuliza yayo hayo, akamshika tumbo, akamwandikia altrasaundi. Mawe ya nyongo yakaonekana siku ile ile. Skani kubwa hakuihitaji.

Picha hujibu swali, na swali hutoka kwenye maelezo ya mgonjwa, mkono wa daktari na vipimo vya damu na mkojo. Sisi Wapwani tuna maneno yanayofunika mengi: mwanamke akiumwa chini ya kitovu ni chango, mwanamume ni mshipa au ngiri. Lakini ndani ya hilo chango mnaweza kuwa na uvimbe wa kizazi, kifuko cha maji kwenye ovari, maambukizi ya mirija, au mimba iliyotunga nje ya kizazi. Kila moja lina tiba yake, na hilo la mwisho likipasua mrija linaweza kuua kwa muda wa saa chache.

Altrasaundi

Hiki ndicho kipimo cha kwanza kwa maumivu mengi ya tumbo, hasa kwa wanawake, wajawazito na watoto. Hutumia mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, wala haina mionzi. Mwaka 1958 huko Glasgow, daktari Ian Donald na wenzake walichapisha picha zao za kwanza. Mgonjwa wao mmoja alidhaniwa ana saratani isiyotibika; altrasaundi ikaonyesha kifuko cha maji kwenye ovari, kikaondolewa, akapona. Hapa Kenya, katika miaka ya 1980, mashine ndogo za kubebeka zilipelekwa Turkana kuwatafuta wafugaji wenye mafuko ya minyoo wanaotokana na mbwa.

Altrasaundi huonyesha mawe ya nyongo, figo zilizojaa maji, kizazi na ovari, na damu au maji yaliyomwagika tumboni. Kwetu Pwani husaidia pia kuona kibofu na figo zilizoharibiwa na kichocho. Lakini gesi na mafuta mengi mwilini huizuia, na ubora wake hutegemea sana mkono wa anayeishika. Vidonda vya tumbo haivioni. Hivyo hutafutwa kwa kamera inayoteremshwa kooni.

Eksirei

Watu huiomba sana, lakini kwa tumbo inaonyesha machache: utumbo ulioziba, hewa iliyovuja baada ya utumbo kutoboka, na baadhi ya mawe ya figo. Kidole tumbo kilichovimba kwa kawaida hakionekani. Eksirei safi haimaanishi tumbo ni zima.

Skani ya CT

Hii ndiyo "skani kubwa". Huonyesha vizuri mawe ya njia ya mkojo, kidole tumbo, kongosho, majeraha ya ajali na saratani. Ila skani moja ya tumbo na nyonga hutoa mionzi ya takriban milisivati 8 hadi 10, sawa na mionzi ya kawaida ya mazingira ya miaka mitatu au minne. Ikihitajika, usiikatae, isipohitajika, usiidai. Kabla ya kudungwa dawa ya kung'arisha picha, sema kama una ugonjwa wa figo, mzio, au unatumia metformin ya kisukari.

MRI

Haina mionzi, hutumia sumaku. Hufaa kwa maswali magumu ya kizazi, mirija ya nyongo na fistula. Mwenye kifaa cha moyo au chuma mwilini lazima aseme mapema.

Kabla hujapanda matatu

Mpango wa serikali wa mwaka 2015 wa kukodisha mashine ulilenga angalau hospitali mbili katika kila kaunti. Hata hivyo, kuwapo kwa mashine si kuwapo kwa kipimo siku hiyo. Piga simu: mashine inafanya kazi? Mtaalamu yupo? SHA italipia, au ni pesa mkononi?

Uliza pia matayarisho. Altrasaundi ya nyongo huhitaji ukae bila kula takriban saa sita. Ya kizazi kupitia tumboni huhitaji kibofu kilichojaa, kwa hiyo hunywa maji mengi na kuzuia mkojo. Aliyefunga saumu aseme; kipimo kisicho cha haraka chaweza kusogezwa, na cha dharura, mgonjwa ana ruhusa ya kufungua. Kipimo cha ndani ya uke hakifanywi bila idhini yako, na waweza kuomba mhudumu wa kike. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Usisubiri picha

Maumivu makali ya ghafla, tumbo gumu kama ubao, kuzimia, kutapika bila kukoma, kutapika au kuharisha damu, homa kali, au kukosa kabisa choo na hewa: hizo ni dalili za kukimbilia chumba cha dharura. Vivyo hivyo mvulana mwenye maumivu ya ghafla ya korodani, hata akisema ni tumbo. Mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye maumivu chini ya kitovu apimwe mimba kwanza, hata kama anatumia njia ya kupanga uzazi. Kipimo hicho cha mkojo ni cha bei nafuu, na hata zahanati nyingi huwa nacho.

Picha ikirudi safi na maumivu yangalipo, rudi kwa daktari. Yapo maradhi yanayojificha, kama endometriosisi. Na kila mara omba nakala ya ripoti uihifadhi nyumbani, ili daktari wa pili aanzie pale alipoishia wa kwanza.