Diablo II na Ufufuo Wake

Kitabu kipigwapo chapa mara ya pili, msomaji hutazama jalada kwanza, halafu herufi, na mwisho, akiwa na subira, hutazama kama maneno ni yale yale. Michezo ya kompyuta inayofanywa upya aghalabu huhukumiwa kwa jalada peke yake. Watu huulizana kama picha zimependeza, na shauri likaishia hapo. Walakini chini ya picha mna kanuni, saa na hesabu, na mbele ya picha wapo watu na mazoea yao. Mwenye kutaka kujua kama mchezo wa zamani umerudi, ama umekuja mwingine kwa jina lake, hana budi kuyapima hayo pia. Mchezo wa Diablo II, uliotolewa mwaka 2000 ukafufuliwa mwaka 2021, ni mfano mwema, kwa sababu mafundi walioufufua walijitahidi sana wasiubadili, na uaminifu huo ndio uliowaponza.

Mchezo wa asili ulitoka Juni 2000. Uliundwa na Blizzard North, tawi la kampuni ya Blizzard Entertainment lililokuwa San Mateo, California. Mchezaji huchagua mmoja katika wahusika watano, akajivika nafsi yake, akamkuza kwa vita na kumpamba kwa silaha alizookota kwa mazimwi na mashetani waliouawa, huku akimwandama Diablo, Bwana wa Hofu, na ndugu zake Mephisto na Baal. Mwaka 2001 ilifuata nyongeza iitwayo Lord of Destruction, yenye wahusika wawili zaidi na sura ya tano ya hadithi. Picha za mchezo wa kwanza zilikuwa za nukta 640 kwa 480, na rangi zake hazikuzidi 256. Umaskini huo ulizaa utajiri wa namna yake: mhusika hutembea katika duara dogo la mwanga, na vilivyo nje ya duara hilo mchezaji huviona kwa hofu yake mwenyewe.

Jambo moja la asili hiyo lafaa kukumbukwa kwa ajili ya yatakayofuata. Katika Diablo ya kwanza, habari za mhusika zilihifadhiwa katika kompyuta ya mchezaji, na mwenye ujuzi na nia mbaya aliweza kuzigeuza apendavyo; udanganyifu ukaenea mpaka ushindi ukakosa heshima. Kwa hiyo Diablo II iliwapa wachezaji wa mtandaoni njia ya kuwaweka wahusika wao katika seva za kampuni yenyewe, mahali ambapo mkono wa mdanganyifu haukufika kwa urahisi.

Diablo II: Resurrected ilitolewa tarehe 23 Septemba 2021. Kazi yake kubwa ilifanywa na Vicarious Visions, studio iliyounganishwa na Blizzard mapema mwaka huo huo. Mafundi hawakuubomoa mchezo wa kale wapate kujenga mwingine. Waliuacha uendelee kuishi chini, na juu yake wakaweka watu, nyumba na mapango yaliyofinyangwa upya kwa urefu, upana na kina. Mchezo wa kale ndio unaoamua kama pigo limempata adui. Ule mpya hulionyesha tu. Mchezaji akibonyeza kitufe kimoja vazi lote huvuliwa, na mwaka 2000 ukamtokea kiooni, na nukta zake nene na rangi zake za vumbi. Waliozoea kusoma utenzi kwa herufi za Kirumi, na hati yenyewe ya herufi za Kiarabu ikiwa ukurasa wa pili, watalitambua jambo hili. Hapo aghalabu mtu hugundua ya kuwa mchezo haukupata kupendeza machoni kama anavyoukumbuka, na kwamba toleo jipya lafanana na kumbukumbu yake kuliko asili inavyofanana nayo.

Uaminifu ulifika hata kwenye saa. Mchezo wa kale huhesabu mambo yake mara 25 kwa sekunde, na toleo jipya, ingawa huchora picha nyingi zaidi, limeiacha hesabu hiyo ilivyokuwa. Mtu asiyejua atauliza faida yake. Upesi wa pigo hupimwa kwa vipande hivyo vya sekunde, na silaha inayomwongezea mtu upesi kidogo haimfai kitu mpaka ziada itimize kipande kizima. Kwa miaka 20 wachezaji walitunga majedwali ya vipimo hivyo kwa bidii ambayo walimu wengi wa hisabati wangeitamani darasani. Lau saa ingebadilishwa, elimu hiyo yote ingebatilika usiku mmoja. Hata vioo vipana vya leo viliwekewa mpaka, kwa kuwa maadui wa mchezo wa kale hawamtambui mchezaji aliye mbali kupita kiasi walichopangiwa. Mwenye kioo kipana mno angewapiga mishale nao wamesimama kama magogo.

Katika machache yaliyobadilishwa, moja lastahili kutazamwa. Zamani sanduku la mchezaji lilikuwa dogo. Mwenye mali nyingi aliunda mhusika wa pili asiyepigana, kazi yake kubeba tu, na wachezaji wakamwita baghala. Ili kuhamisha mali mtu aliitupa chini, akatoka, akarudi kwa jina la baghala kuiokota, akiomba mchezo usifungwe hajafika. Toleo jipya lina sanduku la nafasi 100, na mengine matatu ya shirika kwa wahusika wote wa mtu mmoja. Wapo wasemao taabu ile ilikuwa sehemu ya mchezo. Hoja yao ni dhaifu, maana baghala hakuwamo katika hadithi. Wachezaji ndio waliomzaa kwa dhiki ya nafasi. Lakini kisa chake chaonyesha ya kuwa hata zamani mchezo ulioandikwa na mchezo uliochezwa ulikuwa miwili.

Oktoba 2021 tofauti hiyo ilidhihirika kwa fedheha. Jumamosi ya tarehe 9 seva zilianguka duniani pote, zikaanguka tena siku zilizofuata. Watu walifungiwa nje, na wengine waliporudi walikuta maendeleo yao yamepotea. Kampuni ilitoa maelezo marefu, yanayostahili kusomwa kama waraka wa historia. Ilikiri ya kuwa, kwa ajili ya uaminifu kwa asili, iliacha sehemu kubwa ya programu ya kale, na kwamba huduma moja miongoni mwake, iliyofungua michezo na kusoma habari za wahusika, haikustahimili mwenendo wa wachezaji wa leo. Tena huduma hiyo haikuweza kuendeshwa zaidi ya nakala moja.

Mwenendo wenyewe ulikuwa huu. Mwaka 2001 maandishi ya kumfundisha mtu namna ya kucheza yalikuwa machache, na mgeni alitangatanga, akapotea pangoni, akafa, akajaribu tena. Mgeni wa mwaka 2021 alikuwa amekwisha kufundishwa na filamu na maandishi ya mtandaoni: fungua mchezo, mwendee Pindleskin ambaye husimama karibu na mlango, muue, okota, funga, fungua mwingine, kwa kuwa adui hurudi katika kila mchezo mpya. Kila kufungua na kila kufunga kulikuwa mzigo kwa hifadhidata. Mafundi walikuwa wamenakili saa, hesabu na mapango, lakini mchezaji wa mwaka 2000 hawakuweza kumnakili. Hata yule aliyekuwapo siku hizo alirudi mtu mzima mwenye kujua kila kona.

Dawa ilikuwa ya taratibu: kasi ya kufungua michezo iliwekewa mpaka, na foleni ikawekwa mlangoni. Katika taabu hiyo ilionekana hasara ya jambo jingine. Mchezo wa asili uliruhusu kompyuta za marafiki kuunganishwa moja kwa moja bila kupita kwa kampuni. Njia hiyo iliondolewa katika toleo jipya kabla halijatoka, kwa sababu za usalama. Aliyefungiwa nje mwezi ule aliweza kucheza peke yake, kwa mhusika asiye wa mtandaoni. Waliotunza diski zao za zamani waliweza bado kuunganisha kompyuta mbili chumbani, wakacheza pamoja ule wenye rangi 256.